Frank Bowden na baskeli tatu kwa wiki

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani baada ya sala ya Isha, karatasi mkononi. Ana karakana yake ndogo huku Maskati, upande wa viwandani. Anakata mabomba mwenyewe, anaunganisha fremu mwenyewe, vifaa vingine anaagiza Taiwan, na wiki ikienda vizuri zinatoka baskeli nne, mara chache tano. Wateja, alhamdulillahi, wapo, na wengine wanangoja miezi mitatu. Sasa amejitokeza bwana mmoja mwenye pesa, anataka kutia mtaji ili zitoke baskeli mia kwa mwezi. Lakini anataka zaidi ya nusu ya biashara. Kijana akaniuliza, ami nisaini au nisisaini?

Mimi nimefanya kazi ya hesabu za makampuni mpaka nimestaafu, na swali kama hilo silijibu usiku ule ule. Nikamtilia kahawa nikamhadithia maisha ya mtu mmoja anayeitwa Frank Bowden. Aliposikia jina hakulijua. Nikamwambia unamjua sana, ila humjui kwa jina. Yeye ndiye mwenye Raleigh.

Hapo akacheka, maana ukutani kwenye karakana yake inaning'inia Raleigh ya marehemu baba yangu, babu yake yeye, iliyokuja na mizigo kutoka Unguja. Nyumba gani ya watu wetu haikuwa na Raleigh? Nyeusi, breki za fito, kengele, dinamo, na mbele ile nembo ya kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu ambayo sisi watoto tulikuwa tukiisugua kwa majivu mpaka ing'are. Baba alikunja kanzu, akaibana kwa pini ya nguo, akaenda zake dukani Darajani. Kwetu ile ilikuwa kama gari. Wala hatukujua kwamba kampuni ile kubwa ilianza na banda dogo kuliko la mpwa wangu, na kwamba mwenyewe nusura aipoteze kwa sababu ya kukua.

Frank Bowden alizaliwa Uingereza tarehe 30 Januari 1848. Hakuwa fundi. Hilo lishike, maana watu hudhani mwenye kiwanda cha baskeli lazima awe alianza kwa kuziba pancha. Alikuwa kijana tu alipokwenda Hong Kong, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na huko akatajirika kwa kununua na kuuza hisa. Alijua bei ya kitu inavyopanda na inavyoshuka, na alijua watu wanavyofanya mambo ya ajabu bei inapopanda. Akaoa mwanamke wa Kimarekani, na mtoto wao wa kiume, Harold, alizaliwa San Francisco mwaka 1880.

Pesa alikuwa nazo, afya hana. Alirudi Uingereza akiwa mgonjwa, na inasimuliwa kwamba madaktari walimpa muda mfupi wa kuishi. Mmoja akamshauri apande baskeli. Akapanda, akapata nguvu, akazunguka nayo mpaka Ufaransa, akarudi mzima. Kisa hiki yeye mwenyewe alikipenda sana na kampuni ilikitumia sana kuuzia baskeli, kwa hiyo kila mtu akipime kwa mizani yake. Lakini kwamba alikuwa mgonjwa akapona, na kwamba aliamini mpaka mwisho kuwa baskeli ndiyo iliyomponya, hilo halina shaka. Mwaka 1913 aliandika hata kitabu kizima juu ya baskeli na afya.

Mwaka 1887 alitaka kujua baskeli yake imetengenezwa wapi. Akafika mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza, mtaa unaoitwa Raleigh Street. Alikuta karakana ya watu watatu: Richard Woodhead, Paul Angois ambaye alikuwa Mfaransa, na William Ellis. Walikuwa na wafanyakazi wachache na walikuwa wakitoa baskeli tatu kwa wiki.

Tatu! Mpwa wangu alipofika hapo akaweka kikombe chini.

Bowden aliona kitu ambacho wale mafundi hawakuwa na nafasi ya kukiona, kwa sababu walikuwa wameinama wanafanya kazi. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alikuwa ametoa baskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo baskeli ilikuwa ile yenye gurudumu la mbele refu kama mlango, chombo cha vijana jasiri tu. Hii mpya angeweza kuipanda mtu yeyote. Mwaka uliofuata, 1888, John Boyd Dunlop huko Belfast akaja na tairi la kujaza upepo, na safari ikawa laini. Isitoshe, Nottingham ulikuwa mji wa mashine za kufumia lesi, zile lesi mama zetu walizokuwa wakizipenda, na mji wa namna hiyo umejaa mafundi wanaojua kutengeneza kipande kidogo cha chuma kikae sawasawa. Kwa hiyo fundi wapo, chombo kipo, mnunuzi yuko njiani. Kilichokosekana ni pesa.

Basi akatia pesa. Akanunua sehemu ya Ellis, na Desemba 1888 ikaandikishwa kampuni ya hisa kwa jina la mtaa wenyewe, Raleigh. Bowden akawa mwenyekiti na meneja, Woodhead na Angois wakabaki kusimamia kazi. Hisa zilipotolewa kwa watu wa nje, wengi hawakuzikimbilia, na mzigo mkubwa ukabaki mgongoni mwa Bowden mwenyewe. Nampongeza kwa hilo. Hakuwakopesha mafundi wale akakaa pembeni kungoja faida yake iingie hata wakiangamia. Aliingia ushirika, na kama wangezama angezama nao.

Hata hivyo, leo ukimuuliza mtu nani mwenye Raleigh atakwambia Bowden. Woodhead na Angois, ambao mikono yao ndiyo iliyotengeneza ile baskeli iliyomvutia, wamebaki kwa wanaosoma historia tu. Hapa nilinyamaza kidogo, nikamtazama kijana. Na yeye alinyamaza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wakahama Raleigh Street wakaingia jengo la ghorofa tano mtaa wa Russell Street, lililokuwa kiwanda cha lesi. Wafanyakazi wakawa mamia. Na Bowden akafanya jambo ambalo kwa miaka ile lilikuwa la busara sana: akampa baskeli yake mkimbiaji wa Kimarekani, Arthur Augustus Zimmerman. Mwaka 1892 Zimmerman alikuja Uingereza akawashinda watu, na mwaka 1893 akawa bingwa wa dunia Chicago, juu ya Raleigh. Picha yake ikabandikwa kwenye matangazo kila mahali. Wakuu wa michezo Uingereza walikasirika, maana mkimbiaji wa ridhaa hakutakiwa kula pesa ya mwenye kiwanda, wakamzuia kushindana kwao. Lakini tangazo lilishafanya kazi yake.

Sasa niseme jambo ambalo waandishi wa historia hulipita haraka, na sisi watu wa hesabu hatulipiti. Kiwanda cha baskeli Uingereza kina msimu. Watu wananunua kuanzia baridi inapokwisha, mwezi wa tatu na wa nne. Lakini baskeli hizo lazima zitengenezwe wakati wa baridi. Maana yake unanunua mabomba ya chuma miezi ya mwisho wa mwaka, unalipa mishahara ya kipupwe chote, stoo inajaa, na hujaona hata pauni moja ya mteja. Ukiwa unatengeneza tatu kwa wiki, mfuko wako unavumilia. Ukiwa unatengeneza mamia kwa wiki, hiyo stoo ya baskeli zilizongoja ni mali ya kutisha. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa na faida nzuri kwenye daftari na ikakosa pesa ya mishahara Januari. Na kila unavyokua, shimo hilo la kipupwe linakuwa kubwa zaidi. Kwetu hapa Oman ni kinyume chake tu: watu wanapanda baskeli kuanzia mwezi wa kumi, na joto likija hakuna mtu barabarani. Mpwa wangu alilijua hilo kwa mateso. Majira ya joto yaliyopita aliuza gari yake.

Ndiyo maana Bowden kila baada ya muda alihitaji pesa za watu. Na mwaka 1896 pesa za watu zilikuwa zinamwagika.

Sijui nikueleze vipi mwaka ule. Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 2008 huko Dubai kabla mambo hayajaanguka, watu walivyokuwa wakinunua fleti kwenye ramani, nyumba yenyewe bado mchanga. Basi Uingereza ya 1896 ilikuwa hivyo, ila badala ya fleti ni hisa za baskeli. Mabibi na mabwana wakubwa walikuwa wakipanda baskeli kwenye bustani za London. Viwanda havikuwa na mabomba ya chuma ya kutosha, bei ya mabomba ikaruka, na makampuni mapya ya baskeli yakazuka kila siku, mengine hayana hata karakana.

Bwana mkubwa wa soko hilo alikuwa Ernest Terah Hooley, naye ni mtu wa upande huo huo wa Nottingham. Kazi yake ilikuwa kununua kampuni, kuipaka rangi, kuweka mabwana wenye vyeo kwenye bodi ili majina yao yawavute watu, kisha kuiuza kwa wananchi kwa bei ya juu. Mwaka ule wa 1896 alinunua kampuni ya matairi ya Dunlop kwa pauni milioni 3 akaiuza kwa pauni milioni 5. Baadaye ilikuja kujulikana mahakamani kwamba baadhi ya wale mabwana wenye vyeo walilipwa ili wakubali majina yao yatumike.

Na Bowden, mtu aliyejifunza hisa Hong Kong, aliyejua bei inavyopanda na kushuka, akampa Hooley Raleigh aipeleke sokoni.

Nimefikiri sana kwa nini. Sidhani alidanganywa. Nadhani alimjua Hooley ni nani. Lakini alitaka kiwanda kipya, kikubwa, na Russell Street palikuwa hapatoshi, na mwenzake wa Coventry alikuwa anajenga, na wa Birmingham anajenga, na pesa ndiyo ile iko mezani. Mtu akiwa na njaa ya kukua hamuulizi sana mwenye sahani. Pesa zikapatikana, na mwaka 1897 kiwanda kipya kikafunguliwa sehemu inayoitwa Lenton, eneo la ekari 7.5. Kutoka baskeli tatu kwa wiki mpaka hapo ni miaka kumi hivi.

Mwaka huo huo soko likavunjika.

Waliotaka baskeli kwa ajili ya fasheni wakachoka nazo. Wamarekani, ambao walikuwa na viwanda vya mashine kubwa kubwa na stoo zilizojaa, wakaleta zao Uingereza kwa bei ya chini. Kampuni ya Rudge-Whitworth ikapunguza bei ghafla, na wengine ikabidi wafuate. Raleigh imekaa na kiwanda kipya kikubwa, gharama za juu, na bei zinashuka. Mwaka 1898 Hooley akafilisika kwa kishindo, na kila kampuni iliyopita mkononi mwake ikaonekana ina doa. Huyo Hooley aliishi mpaka 1947, na njiani alifungwa jela zaidi ya mara moja kwa udanganyifu.

Kampuni nyingi za baskeli zilikufa miaka ile. Angalia hali ya Bowden: hisa zimetawanyika mikononi mwa watu ambao hawajui baskeli, walinunua kwa bei ya juu, wameona zimeshuka, wana hasira. Kampuni aliyoijenga ina jina lake kwa wateja, lakini si yake tena kwa karatasi. Angeweza kuondoka. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 50, tajiri, na ana mwana. Hakuondoka.

Alichofanya miaka kumi iliyofuata ndicho ninachokiona kikubwa katika maisha yake, wala hakina kelele. Kazi ya kiwandani ilikuwa chini ya George Pilkington Mills, mhandisi ambaye pia alikuwa mkimbiaji hodari, mshindi wa mashindano ya kwanza ya Bordeaux mpaka Paris mwaka 1891. Wao waliamua kuacha viungo vya fremu vya chuma cha kumimina kwenye kalibu, ambavyo ni vizito na vinataka kuchongwa sana kwa mkono, wakatumia viungo vya bamba la chuma lililobanwa kwa mashine. Hii ni njia waliyokuwa nayo Wamarekani. Kiungo kinatoka chepesi, kigumu, na kila kimoja sawa na mwenzake. Lakini mashine zenyewe ni ghali, karakana ndogo haiziwezi. Kwa hiyo kile kiwanda kikubwa, kilichokuwa mzigo, kikaanza kuwa na maana. Fremu ile ya chuma kitupu ndiyo iliyokuja kubeba magunia ya karafuu na ndoo za samaki kwetu bila kupinda.

Alifanya na makosa. Alijaribu pikipiki, zikamletea khasara, na kabla ya mwaka 1910 alishaziacha. Kampuni ikazirudia tu baada ya vita.

Halafu likaja suala la gia. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni kisa kitamu. Mafundi kadhaa Uingereza walikuwa wanatafuta namna ya kuifanya baskeli iwe na mwendo wa kupandia kilima na mwendo wa kwenye tambarare. Fundi mmoja, William Reilly, alikuwa ameshavumbua habu ya gia mbili, lakini mkataba wake na kampuni aliyoiuzia ulimbana hata kwa uvumbuzi wa baadaye. Akawa na habu ya gia tatu na hawezi kuiandikisha kwa jina lake. Wanahistoria wa baskeli wanasema ikaandikishwa kwa jina la mwenzake, James Archer. Wakati huo huo Henry Sturmey, mwandishi mashuhuri wa mambo ya baskeli, naye alikuwa na yake. Bowden akawaweka wote chini ya shirika moja mwaka 1902, na ndipo ikazaliwa Sturmey-Archer. Reilly, aliyefanya kazi, jina lake halimo kwenye chuma. Vijana wanaosaini mikataba bila kusoma ukurasa wa mwisho wamfikirie Reilly.

Habu ile ni kopo la chuma katikati ya gurudumu la nyuma. Ndani mna gia ndogo zinazoizunguka moja iliyo katikati, na kijiti kidogo kwenye usukani ndicho kinachochagua. Maji hayaingii kwa urahisi, mchanga hauingii, na ukiitia mafuta inakaa miaka. Lakini akili ya Bowden haikuwa kwenye ufundi ule. Ilikuwa kwamba habu aliweza kuwauzia hata washindani wake. Mwenye kiwanda kingine cha baskeli akipata mteja anayetaka gia tatu, analazimika kununua kwa Bowden. Kwa hiyo hata baskeli ambayo Raleigh haikuiuza ilimletea kitu. Na habu haina nakshi za fasheni kama fremu, unaweza kuiendelea kutengeneza mwaka mzima. Ile hofu ya kipupwe ikapungua.

Kwa wanaopenda kubishana: waya wa breki unaoitwa waya wa Bowden si wake. Ni wa Ernest Bowden, mtu mwingine kabisa, ingawa Frank alikuwa na mkono katika shirika lililouuza. Nimesikia watu wakigombana juu ya hilo.

Mwaka 1908, akiwa na miaka 60, Frank Bowden aliinunua Raleigh yote ikarudi kuwa yake. Miaka 12 tangu aiuze. Sijui mtu yeyote katika kazi yangu ya hesabu aliyeweza jambo hilo baada ya kupita kwenye mkono wa mtu kama Hooley, na nimeona wengi waliojaribu. Aliweza kwa sababu aliinunua wakati hakuna anayepigia makelele hisa za baskeli, na kwa sababu hakuwa ameweka mali yake yote ndani ya kampuni hiyo.

Yaliyobaki ni mafupi. Alikuwa anaishi Bestwood Lodge, jumba kubwa nje ya Nottingham. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, kiwanda kiligeuzwa kutengeneza zana za vita. Mwaka 1915 mfalme akampa cheo, akawa Sir Frank. Alifariki tarehe 25 Aprili 1921, umri wa miaka 73, yule aliyeambiwa hana muda. Harold akachukua. Mwaka 1932 Harold akainunua sehemu ya baskeli ya kampuni ya Humber, na mwaka 1934 akaiuza tena Raleigh kwa wenyehisa sokoni, jambo ambalo baba yake alitumia miaka 12 kulifuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wakitoa baskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na ndizo hizo zilizoshuka bandarini Unguja, Mombasa na Dar es Salaam.

Wengine wenu mmepeleka watoto kusoma Chuo Kikuu cha Nottingham. Binti yangu alisoma pale, kampasi ya Jubilee. Nilipokwenda kumtembelea tulitembea kando ya ziwa dogo, bata wanaogelea, na ndipo nilipojua kwamba ardhi ile ilikuwa sehemu ya kiwanda cha Raleigh. Utengenezaji Nottingham ulikoma mwaka 2002. Nilisimama pale kama mtu aliyefika kwenye kaburi la mtu anayemjua.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka saa sita za usiku. Kesho yake akaniita karakanani. Alikuwa ameishusha Raleigh ya babu yake ukutani, ameigeuza juu chini, na amepangusa habu ya nyuma kwa kitambaa na mafuta taa. Sturmey-Archer walikuwa na desturi ya kupiga mhuri wa mwaka kwenye chuma. Tukaona 57. Akabonyeza kijiti, akazungusha pedeli kwa mkono, na gia zikaingia moja, mbili, tatu, zinalia tik tik tik kama zamani.

Karatasi hajaisaini. Amemwandikia yule bwana barua nyingine: badala ya zaidi ya nusu, atampa theluthi, ushirika wa faida na khasara, na kifungu kwamba baada ya miaka mitano yeye kijana ana haki ya kwanza ya kuinunua theluthi hiyo kwa bei itakayopimwa na mtu wa tatu. Pesa zikija, anataka kununua kwanza mashine ya kubania viungo, kisha kuweka akiba ya miezi minne ya joto, na kuhamia jengo kubwa kutasubiri. Mimi nimempigia hesabu za kile kifungu. Mpaka naandika haya, jibu halijaja.